Hesabu ya Saa Kumi

Hakuna aliyetoka katika nyumba ile ya Small Heath, Birmingham, bila kuhesabiwa. Mzee Barnabas Gathogo aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha la mbele, na miguuni pake palikuwa na mikebe miwili iliyowahi kuwa ya nyanya, mmoja kulia, mmoja kushoto. Binti yake Jemima akitoka asubuhi na mapema kwenda kazini, punje moja ya mahindi makavu ilihama kutoka mkebe wa kulia kwenda wa kushoto. Nyokabi, mjukuu wake, akishika mkoba kwenda shule, ilihama ya pili. Aliyerudi, punje yake ilirudi pamoja naye. Ikifika saa kumi jioni na mkebe wa kushoto bado una kitu, mzee alisimama dirishani na hakukubali kukaa tena. Hakula wala hakunywa. Alitazama barabara, midomo ikimcheza, mpaka wa mwisho aingie.

Mahindi yenyewe aliyachota jikoni, kwenye mfuko wa mahindi ya kupikia githeri. Siku Jemima alipotambua maana ya punje zile alicheka, kisha akaingia bafuni, akafungulia maji, akalia. Baba yake hakuwa mtu wa maneno matamu. Katika utoto wake wote Jemima hakumbuki kuguswa kichwani na mkono ule. Alipokwenda shule ya bweni baba alimpeleka mpaka kituoni, akamkabidhi sanduku, akageuka. Sasa Jemima ana miaka arobaini na saba, mume amerudi Nairobi na kuoa mwingine, na huyu mzee asiyejua tena leo ni Jumanne au Jumapili anashindwa kumeza chakula kwa sababu binti yake amechelewa basi.

Aliwasimulia kina mama wa kanisani. Mchungaji akasikia, naye akalitia jambo hilo kwenye mahubiri. "Hivyo ndivyo Mungu anavyotuhesabu," alisema, "kama Mzee Gathogo na punje zake." Watu wakaitika amina. Jemima aliinamisha kichwa kwa haya, lakini moyoni alijaa.

Mzee alikuwa amekuja Birmingham mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe huko Murang'a. Alikuja na koti moja zito, Biblia, na cheti cha uzee wa kanisa kilichotiwa kioo. Miaka miwili ya kwanza alikuwa mzima. Alitembea mpaka Coventry Road, akanunua ndizi, akarudi. Kisha akaanza kupotea. Mara ya kwanza alirudishwa na Keinan, Msomali mwenye duka la vyakula, aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na bado alisema Kiswahili cha huko.

"Mama Nyokabi, mzee wako amenisimamia mlangoni tangu asubuhi," Keinan alisema, amemshika mkono kama mtoto. "Anahesabu wateja. Wakiingia anahesabu, wakitoka anahesabu. Mmoja ametoka na sabuni hajalipa, mzee amemshika kola! Niachie huyu, nimwandike kazi."

"Keinan, usinichekeshe, nimechoka."

"Sikuchekeshi. Hata mimi aliniambia nipange foleni. Duka langu!"

Mara ya pili haikuwa ya kuchekwa. Mzee alipanda basi peke yake mpaka Digbeth, akakutwa na polisi kwenye stesheni ya mabasi ya mbali, amesimama mlangoni mwa basi la London, amezuia abiria wasishuke mpaka wahesabiwe. Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii, jina lake Harbans, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa shingoni kwa kamba. Alieleza bila kuzunguka. Ama awepo mtu mzima wa kukaa na mzee saa zote Jemima akiwa kazini, ama mzee apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Angerudi baada ya miezi sita kuangalia.

Jemima alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya aina hiyo. Aliwaosha wazazi wa watu wengine, akawalisha, akawabadilisha nguo, na alijua jinsi wanavyokaa mstari mmoja mbele ya televisheni isiyotazamwa na mtu. Baba yake hasemi Kiingereza tena. Kile kidogo alichokuwa nacho kilikuwa cha kwanza kuondoka. Nani angemwelewa akiomba maji? Aliapa kwamba mzee hataingia mle.

Ndipo akaja Edah.

Edah alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba, mwenyeji wa upande wa Nyeri, aliyestaafu kutoka jikoni mwa hospitali na kuishi Balsall Heath peke yake na redio. Jemima alimwita Tata, kama mtu anavyomwita mdogo wa mama yake. Alijitolea mwenyewe kanisani. "Nikae nyumbani nifanye nini, nihesabu matofali? Nitakuja kwa mzee. Yeye anahesabu, mimi napika."

Tangu Juni alikuja kila siku ya kazi, na mzee alikubali kula kutoka mkononi mwake kuliko kwa mtu yeyote.

"Mzee, fungua mdomo. Uji huu umepikwa na mwanamke mrembo."

"Yuko wapi?"

"Ala! Jemima, umesikia? Huyu hajapotewa na akili, anatuchezea tu!"

Hata Nyokabi, ambaye huelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, alitoka chumbani kucheka nao. Jemima aliwatazama kutoka mlangoni. Ilikuwa ni desturi yake kutazama. Alichunguza kikohozi, ngazi, komeo la mlango, uso wa mtu. Miezi ile aliona nyuso zimetulia, naye akatulia kidogo.

Jumatatu moja ya Novemba, siku kumi kabla Harbans hajarudi, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kazini kulikuwa na mkutano, Jemima akachelewa. Nyokabi alikuwa amerudi mapema, kwa hiyo Edah akamwacha na mzee, akatoka kuchukua dawa za mzee kwa mfamasia. Foleni ilikuwa ndefu, basi nalo halikuja. Jemima aliposhuka kituoni ilikuwa saa kumi na nusu imepita na giza limeshaingia, kama kawaida ya huko wakati wa baridi. Akageuka kona ya mtaa wao. Akaona watu wawili mbele ya mlango wake.

Mmoja alikuwa jirani yao Charanjit, ameshika mwavuli. Wa pili alikuwa Edah. Edah alikuwa ameketi chini, kwenye saruji iliyolowa, miguu ameinyoosha mbele, mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vimeshikana. Mfuko wa dawa ulikuwa kando yake, umelowa.

"Tata! Umeanguka?"

Edah hakugeuza shingo. Charanjit alieleza kwamba amemkuta hivyo, anamsemesha hajibu, na kwamba mzee ametia komeo kwa ndani na amekuwa akipiga kelele dirishani.

Jemima akapiga simu ya Nyokabi. Msichana alishuka mbio, vidude vya muziki vikining'inia shingoni, akafungua. Ilibidi Jemima amfungue Edah vidole kimoja kimoja ndipo mikono ishuke.

Jikoni walimvisha kanzu ya kulalia ya Jemima na kumpa chai. Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake, kimya. Edah alizungusha kikombe kwa muda mrefu.

"Niligonga," alisema hatimaye. "Akaja dirishani. Akaniambia, saa imepita. Keti chini, mikono kichwani. Lala huko huko." Akaweka kikombe chini. "Na mimi nikaketi. Unasikia, Mama Nyokabi? Mtu mzima, na pasipoti ya Uingereza mkobani. Nikaketi."

"Tata, ni ugonjwa. Hajui anachosema."

"Anajua sana. Maneno yale ninayajua mpangilio wake, ninajua hata sauti inapopanda. Nilikuwa na miaka mitano, wakati wa vita vya msituni. Kijiji chetu kilizungushiwa handaki, wakachimba kina mama wenyewe, wakachomeka miti iliyochongwa. Langoni walisimama homugadi, Wakikuyu wenzetu wa serikali ya Mzungu, vitambaa vyeupe mkononi. Mama alitoka shambani na kurudi kwa filimbi. Akichelewa, hivyo ndivyo alivyokaa, na mimi namtazama kutoka ndani." Akamwangalia Jemima machoni. "Baba yako alikuwa homugadi."

Jemima alijua, kama watoto wanavyojua jambo lisilosemwa. Alijua kwamba shamba lao lilikuwa zuri kuliko ya majirani, na kwamba majirani hawakuja kwao Krismasi. Alijua pia kwamba zipo nyumba ambazo mama yake alipozipita njiani alikaza mwendo. Hakuwahi kuuliza.

"Yeye ni wa Murang'a, Tata. Si yeye aliyekuwa kwenu."

"Najua si yeye." Edah akasimama, akaanza kuvaa viatu vilivyolowa. "Ndiyo maana nimekunywa chai."

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Jemima aliomba ruhusa kazini kwa kusema ana homa. Nyokabi alimwambia jambo moja zaidi alilosikia siku ile kupitia muziki wake: baada ya kumfungia Edah, Guka, babu yake, alisimama wima sebuleni, akapiga kisigino, akasema kwa nguvu, "Wametimia, Afande!" Halafu akalia.

Jambo hilo halikumtoka Jemima kichwani. Jumapili hakwenda kanisani. Asubuhi, jua dogo lilipoingia sebuleni, alimwona mzee ana macho safi, kama dirisha lililofutwa. Saa kama zile zilikuwa chache na fupi. Akavuta kigoda.

"Baba. Jumatatu ulisema wametimia. Na mimi nilikuwa nje, na Edah alikuwa nje. Mbona ulisema tumetimia?"

Mzee alimtazama sana. Alipoanza kusema, alisema polepole na kwa mpangilio, jinsi alivyokuwa akisoma taarifa za kanisa.

Alizaliwa mwaka 1932. Alisoma misheni mpaka darasa la tatu, na hiyo ndiyo sababu walimpa lango: wengine hawakujua kuhesabu kupita ishirini. Hakujiunga kwa kupenda vita. Mwalimu wake wa misheni alikuwa amekatwakatwa mlangoni mwake na watu wa msituni, na chifu akasema, asiye na kitambaa cheupe ni wa msituni. Akachukua kitambaa. Wakampa mkuki, baadaye bunduki ya risasi mbili. Asubuhi aliwatoa wanawake kwa punje, mia moja na kumi na nane, na saa kumi aliwarudisha kwa punje. Ikipungua moja, wote walikaa chini mikono kichwani mpaka ipatikane, watoto wakilia ndani, na mlinzi alichapwa viboko mbele yao.

"Siku ile ilikuwa mvua," alisema. "Ofisa Mzungu alikuwa kituoni na gari lake. Jana yake mwenzangu alichapwa viboko ishirini na vinne mpaka akajikojolea. Nikahesabu. Mia na kumi na saba. Nikatazama njia, nikamwona Nyaguthii anapanda, mbali kama hapa na duka la yule Msomali, ana mzigo wa viazi. Mtoto wake alikuwa ndani kwa nyanyake. Mzungu akauliza, wametimia? Nikasema, wametimia, Afande. Akasema, vuta daraja la handaki. Nikavuta."

"Na Nyaguthii?"

"Alifika, akaita. Alinijua, tulibatizwa siku moja. Nikamwambia, lala huko huko. Ningemfungulia vipi, nami nimesema wametimia?"

Jemima alisikia Nyokabi akitembea juu, kisha kimya.

"Doria ilimkuta mtoni, kwenye majani ya nduma, ikampiga risasi. Mtu yeyote aliyekuwa nje baada ya saa kumi alikuwa adui. Wakaandika, gaidi mmoja mwanamke, amebeba chakula cha wenzake. Hakuna aliyeuliza ni wa wapi. Kwenye kitabu, kijiji chetu hakikupungua hata mtu mmoja siku ile." Akainua mkono, akautazama. "Walinipa shamba. Wakanipa karatasi ya uaminifu, nikapiga kura watu wakiwa bado kizuizini. Nikawa mzee wa kanisa miaka thelathini. Mtoto yule alikua, akaolewa hapo hapo. Hakuwahi kunisalimia."

"Mama alijua?"

"Mama yako umempeleka wapi?" mzee akauliza, akageuza kichwa kumtafuta, na Jemima akajua saa imekwisha.

Jumatano, kesho yake Harbans angekuja, Jemima alimwacha mzee na Nyokabi akaenda Balsall Heath. Edah alimfungulia mlango, akamkaribisha, akazima redio. Aliweka chai na mandazi kama mgeni yeyote angewekewa. Jemima alikuwa amepanga maneno ndani ya basi, yote yakamtoka.

"Wanakuja kesho, Tata. Nikisema sina mtu, watamchukua."

"Najua."

"Hakuna mwingine anayekula mkononi mwake. Siwezi kuacha kazi. Nikimpeleka mle atakufa bila kusemeshwa na mtu."

Edah alivunja andazi vipande vidogo, hakula. "Nimeomba Mungu wiki nzima. Ninampenda mzee yule, hilo ndilo linalonikera. Nimejiambia, alikuwa kijana, wengine walilazimishwa. Lango si panga. Kufungua na kufunga, hata mimi ningeweza kupewa." Akamshika Jemima mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. "Nitakuuliza neno moja tu. Wewe ni binti yake, umekaa naye, umemsikia. Niambie kwamba hakuna mtu aliyebaki nje kwa mkono wake. Ukiniambia hivyo, kesho saa mbili niko kwenu na uji."

Basi lilipita nje, vikombe vikatetemeka kwenye sahani. Jemima alimwona baba yake katika ule mstari mbele ya televisheni, kitambaa cha plastiki kimefungwa shingoni, akiomba maji kwa Kikuyu. Akamwona pia mwanamke asiyemjua, na mzigo wa viazi. Edah alikuwa akingoja, uso wake wazi, tayari kuamini.

"Hakuna," Jemima alisema. "Hakuna aliyebaki nje, Tata. Alikuwa akihesabu tu."

Edah akafumba macho. Pumzi ndefu ilimtoka. "Asante Yesu. Nilijua. Mtu anayelia hivi kwa ajili ya watu wake, nilijua."

Kesho yake saa mbili kamili alikuwa mlangoni. Harbans aliwakuta sebuleni, Edah akimfuta mzee kidevu na kumwambia kwamba kwa ndevu zile hakuna mwanamke wa Birmingham atakayemchukua. Harbans aliandika, akatabasamu, akaenda zake. Mzee akabaki nyumbani.

Alibaki miezi kumi na minne. Edah hakukosa siku. Jemima, kila alipotoka kazini, alisimama kwanza nje ya mlango wake mwenyewe na kusikiliza. Akisikia kicheko cha Edah ndipo alipoingiza ufunguo. Kila mzee alipofungua mdomo, alimkatiza. "Usimchoshe, Tata, anaropoka tu." Saa zile za macho safi zilipokuja, ambazo zamani alizingoja, sasa alizizuia kwa dawa ya usingizi. Aliacha kusema habari za baba yake kwa kina mama wa kanisani. Alikonda. Nyokabi akamuuliza siku moja, kwa Kiingereza, ni nani hasa mgonjwa katika nyumba hii.

Mzee Barnabas alifariki Januari 2009, mchana, Edah amemshika mkono mmoja na Jemima mwingine. Hakusema neno la mwisho.

Kwenye ibada ya kumuaga, watu walijaa, Wakenya kutoka kote mjini, hata Keinan alisimama nyuma na kofia yake mkononi. Wasifu wa marehemu Jemima alikuwa ameuandika mwenyewe, ukurasa mmoja: kuzaliwa, misheni, ndoa, watoto, shamba, uzee wa kanisa. Kati ya misheni na ndoa aliandika kwamba marehemu alitumikia serikali.

Mchungaji akaomba mtu mmoja wa karibu aseme neno. Edah akasimama, leso mkononi.

"Nyinyi wengi hapa ni watoto, hamkuyaona," alisema. "Mimi niliyaona. Mama yangu alikaa chini ya mvua mbele ya lango. Niliwachukia wale watu maisha yangu yote, na Mungu akanileta nimlishe mmoja wao. Nashuhudia mbele ya jeneza hili: mzee huyu alipewa lango akiwa kijana, na hakuna hata mama mmoja aliyebaki nje kwa mkono wake. Hata mmoja. Kwa sababu yake nimewasamehe wengine."

Watu wakasema amina, wengine wakilia. Mchungaji akageukia viti vya mbele na kumwita Jemima, kwa kuwa ni desturi mtoto wa marehemu kutoa shukrani kabla mwili haujatolewa. Jemima akasimama, akashika ukingo wa mimbari. Aliwaona wote wakimtazama, na Edah katika mstari wa pili akijifuta macho, uso mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo.

Alimshukuru mchungaji. Aliwashukuru majirani, na waliopika, na waliotoka mbali. Alimshukuru Tata Edah kwa jina. Kisha akarudi kuketi.